Kabla hujamlipa mtu akusomee skripti

Umemaliza. Kurasa 96, miezi saba ya kukesha, na kompyuta iliyokuzimikia mara mbili kabla hujahifadhi. Sasa unataka mtu mwenye jicho la kazi akuambie ukweli: hii ni filamu au bado? Hapa ndipo ninapowaona wengi wakiumia. Wakati wa kuandika walikuwa peke yao chumbani. Kutafuta msomaji kunawapeleka sokoni, na sokoni kuna walimu wa kweli, kuna marafiki wenye huruma, na kuna watu wanaoishi kwa jasho la waandishi wachanga.

Nimesoma skripti za wenzangu kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na zangu zimesomwa pia, nyingine vizuri na nyingine vibaya. Haya ndiyo ninayowajibu wanaonipigia simu na kuniuliza, "Dada, nimpe nani?"

1. Jua unatafuta maoni ya aina gani

Watu wanne wanaweza kusoma skripti moja na kila mmoja akawa anafanya kazi yake tofauti. Bodi ya Filamu Tanzania inaipitia chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, ili itoe kibali. Nimekutana na vijana wanaotamba kuwa "skripti imepita Bodi" kana kwamba imepata daraja la kwanza. Imepata kibali, basi. Kama hadithi inalegea katikati, bado inalegea.

Mtayarishaji atakuambia punguza sini za usiku, ondoa ajali ya basi, ile harusi ya watu 200 ifanye ya watu 20. Ushauri huo utauhitaji siku moja, lakini ni ushauri wa mfuko. Rafiki yako atakuambia imemliza; mshukuru, maana machozi yake ni ya kweli. Unayemtafuta leo ni wa nne: mhariri wa skripti, mtu anayeweza kuisoma hadithi yako kama fundi anavyofungua injini, akakuonyesha bomba gani linavuja.

2. Msomaji wa kweli hutaja ukurasa

Ukisahau yote mengine, hili lishike.

Kuna skripti niliyoletewa ya binti fundi cherehani wa Tandale aliyekopa kikoba kwa jina la mama yake bila kumwambia. Mwandishi alikuwa ameshalipia maoni mahali pengine, akanionyesha ripoti aliyopewa. Ilisema hadithi ni nzuri na inagusa jamii, wahusika wajengwe zaidi, taharuki iongezwe, hongera sana. Maneno hayo ungeweza kuyabandika kwenye skripti ya vita vya Majimaji au ya mapenzi ya chuoni na yakakaa vilevile.

Baadaye akampata msomaji mwingine, mwanamama mmoja mkimya, ambaye aliandika hivi: "Ukurasa wa 31 mama anaanguka kwa mshtuko anapoambiwa kuhusu deni. Lakini ukurasa wa 12 alikuwa ameshika daftari la kikoba, akalifungua, akalirudisha chini ya godoro. Nilipofika 31 nilidhani anajifanya kuzimia ili amtege binti yake. Kama ndivyo, nipe ishara mapema. Kama sivyo, ukurasa wa 12 unakuharibia."

Yule kijana alikaa na mistari hiyo wiki nzima. Hakuwa amewahi kumfikiria mama anayejua kila kitu na kujifanya hajui. Lile daftari la ukurasa wa 12 alikuwa ameliweka tu ili mkono wa mwigizaji usikae mtupu. Alipoanza kumfikiria mama huyo mpya, filamu nzima ikageuka: binti akawa anaficha, mama akawa anangoja, na kila mlo wao kando ya cherehani ukawa na kitu chini yake. Msomaji hakumpa wazo hilo. Alimwonyesha tu mahali ambapo karatasi yake ilikuwa imeshaanza kulisema.

Kwa hiyo jaribio ni rahisi. Ripoti ikifika, funika jina la filamu na majina ya wahusika, kisha isome. Ikiwa inaweza kwenda kwa skripti ya mtu mwingine, hukusomewa. Mimi niliwahi kumlipa mtu, simtaji. Ripoti ikaja baada ya siku mbili, karatasi moja, sifa tupu, na katika aya ya tatu mhusika wangu mkuu akawa na jina la mtu nisiyemjua kabisa. Fedha ilirudi kwa kazi nyingine. Kilichoniuma ni zile siku mbili, nilivyokuwa nikiamka usiku kuangalia simu.

3. Mtafute kwenye maandishi ya mwisho wa filamu

Filamu ikiisha, usisimame. Kaa usome majina yanayopita, kwa sababu wasomaji wazuri wengi wanaishi humo, kwenye maandishi madogo, wala si juu ya bango.

Chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza David "Tosh" Gitonga. Ukitazama nani aliandika utakuta majina manne: Serah Mwihaki, Charles "Potash" Matathia, Samuel Munene na Billy Kahora, ambaye kwenye jarida la Kwani? alikuwa mhariri. Mtu aliyezoea kuhariri hadithi za wenzake amekaa meza moja na waandishi wa filamu. Au mtazame Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Ameandika Rafiki ya mwaka 2018 pamoja na Wanuri Kahiu, kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Kisha jina lake likatokea tena kwenye Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, aliyoandika pamoja na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Filamu mbili, nchi mbili, waongozaji wawili tofauti, na jicho lilelile la pembeni likiwa mezani. Waongozaji hao hawakuona aibu kuwa na mtu wa pili kwenye karatasi.

Hivyo unapomfikiria msomaji, usianze na umaarufu. Mtu anaweza kuwa ameongoza filamu 30 na asijue kabisa kusoma skripti isiyo yake. Kila atakachokuambia kitakuwa "mimi ningefanya hivi". Waulize waliowahi kusomewa naye, na swali liwe moja tu: ulibadilisha nini baada ya maoni yake? Akikutajia sini, au mhusika aliyeondolewa, au mwanzo uliosogezwa, nenda. Akikuambia "alinisifia sana", endelea kutafuta.

4. Anza na kurasa kumi

Usitoe skripti nzima na malipo yote siku ya kwanza. Omba akusomee kurasa kumi za mwanzo kwa bei ya kurasa kumi. Msomaji makini atakubali, na wengi wetu tunapendelea hivyo, kwa sababu nasi tunataka kujua kama hadithi hiyo tunaiweza. Kumi zinatosha kukuonyesha anavyosoma.

Angalia na muda. Skripti ya kurasa 100 ni filamu ya dakika 100 hivi, kwa kadirio la ukurasa mmoja dakika moja. Mimi husoma mara ya kwanza kwa saa mbili bila kushika kalamu, nalala nayo, kisha narudia taratibu. Anayekurejeshea ripoti kabla chai haijapoa hajafika ukurasa wa 40.

5. Mkimbie anayeuza maoni na ndoto kwenye kifurushi kimoja

"Lipia nikusomee, halafu nitakuunganisha na watu wa Netflix." "Nina mtu kwenye kituo kikubwa cha televisheni." "Ikishapita kwangu imeshauzika." Ukisikia lolote kati ya haya, funga mazungumzo kwa adabu. Kusoma ni kazi moja na kuuza ni kazi nyingine, na anayeuza kihalali hula kwenye mauzo. Huko Hollywood wakala wa mwandishi hupata asilimia 10 ya anachomuuzia. Wakala anayedai ada ili akusome tu wanamhesabu kuwa tapeli.

Kuna wa pili, mpole zaidi na wa hatari zaidi: anayesoma bure, akatoa maoni matatu, kisha akataka jina lake liandikwe kama mwandishi mwenza. Maoni si uandishi. Akiandika sini, mkae mzungumze asilimia. Akisema "sini hii ndefu", amefanya kazi ya msomaji, mlipe kama msomaji.

6. Andikianeni, hata kama ni ndugu yako

Karatasi moja inatosha: kurasa ngapi, ripoti ya kurasa ngapi, tarehe ya kurejesha, kama kuna mazungumzo ya simu baada ya ripoti, bei, na sentensi inayosema skripti ni mali yako na haitapelekwa kwa mtu mwingine bila ruhusa. Nusu ya malipo mwanzo, nusu ripoti ikifika.

Tuma kwa barua pepe, faili la PDF, jalada likiwa na jina lako, namba ya rasimu na tarehe. WhatsApp ni nzuri kwa salamu, lakini miaka mitatu ikipita na simu imebadilishwa, ni vigumu kuonyesha nani alipokea nini lini. Na kabla ya kutuma, sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Usajili unakupa ushahidi.

Ila elewa sheria inalinda nini. Inalinda ulivyoiandika hadithi, hailindi wazo peke yake. "Binti anakopa kwa siri" si mali ya mtu. Nawaambia hili wanaokataa kumwonyesha mtu yeyote kazi yao kwa hofu ya kuibiwa, skripti ikazeeka kwenye droo. Hofu hiyo naielewa, kwa maana wizi upo. Lakini skripti isiyosomwa na mtu nayo imepotea vilevile.

7. Asome Kiswahili chako, cha kwako hasa

Hili linanigusa kuliko mengine, kwa sababu waandishi wetu wengi hudhani maoni ya kitaalamu ni lazima yatoke ng'ambo.

Huduma za nje zipo, na baadhi ni za heshima. The Black List ya Marekani ilianzishwa na Franklin Leonard mwaka 2005 kama orodha ya skripti zilizopendwa na watu wa studio lakini zilikuwa hazijapigwa picha. Tangu mwaka 2012 mwandishi yeyote anaweza kupakia kazi yake mtandaoni, akalipia isomwe, na kupewa alama kati ya 1 na 10. Wasomaji wake hawatajwi majina. Ukiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya soko hilo, itumie, mradi ukumbuke kuwa alama moja ni jicho moja, na jicho la pili linaweza kutoa tofauti kabisa.

Lakini skripti ya Kiswahili ukiitafsiri ili isomwe huko, unapeleka mifupa. Nilisoma rasimu moja yenye sini hii: kijana aliyekimbia nyumbani anarudi baada ya miaka sita, anamkuta mzee barazani, anasema "Shikamoo, baba." Mzee anaendelea kuchambua mchele. Basi. Hakuna mstari mwingine. Mtu yeyote aliyelelewa hapa anajua kwamba shikamoo isiyoitikiwa ni mlango uliofungwa usoni. Hata adui huitikiwa marahaba. Kwa Kiingereza ilikuwa imekuwa "Hello, Father", na msomaji wa mbali akauliza pembeni: mzee hasikii vizuri? Mwandishi akaanza kuongeza maelezo, mzee akapewa hotuba ya kurasa mbili, na sini ikafa.

Na si nje tu. Skripti ya Sheng ya Eastlands, Nairobi, ikisomwa na mwalimu wa Tanga, nusu ya utani utapigwa mstari mwekundu kama makosa ya sarufi. Mke wa Kiunguja anayechagua kanga ya kuvaa mbele ya mke mwenzake anasema mengi bila kufungua mdomo. Msomaji asiyejua majina ya kanga atakuandikia kuwa sini haina mazungumzo. Kiswahili cha Lubumbashi kina mwendo wake, na anayekijua ndiye akipime.

Ninachoshauri ni wasomaji wawili kama mfuko unaruhusu: mmoja wa ufundi, mmoja wa mahali. Ufundi unaweza kutoka popote. Mahali panatoka hapo hapo.

8. Nenda walipo wanaosoma

Wasomaji wazuri hawakai na vibao mlangoni. Wanapatikana kwenye warsha. Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala mwaka 2004, na waandishi na waongozaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wakapita mikononi mwa walimu waliokaa nao ukurasa kwa ukurasa. Warsha za One Fine Day Films za Nairobi, zenye mkono wa Mjerumani Tom Tykwer, zilizaa Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo. Realness Institute ya Afrika Kusini huwaweka waandishi wa Kiafrika kwenye makazi ya kuandika wakiwa na washauri wa hadithi, na mwaka 2021 ilishirikiana na Netflix kuendesha mafunzo ya kuandika tamthilia za mfululizo. Durban FilmMart inakutanisha miradi na watayarishaji tangu mwaka 2010. Omba nafasi. Ukikataliwa, angalia majina ya washauri wa mwaka huo; hao ndio watu wa kuwaandikia barua ya heshima. Na kama uko karibu na Zanzibar wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, kaa Ngome Kongwe baada ya filamu, usikilize nani anauliza maswali mazuri. Mimi nimempata msomaji wangu wa kudumu kwa njia hiyo: aliuliza swali moja kuhusu mhusika mdogo ambaye ukumbi mzima ulikuwa umeshamsahau.

Kama huna nauli ya Durban, kuna njia ya chai na maandazi. Alika waigizaji watano, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au wa sanaa za maonyesho chuo kikuu, wakae kwenye mkeka wasome skripti kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Wewe usisome, ushike kalamu tu. Mwigizaji anapojikwaa mara mbili kwenye mstari uleule, tatizo ni mstari. Wanapoanza kuangalia simu, andika namba ya ukurasa.

9. Mpe maswali, kisha nyamaza

"Nisomee uniambie unaonaje" ni ombi la mtu anayetaka kusifiwa, na atasifiwa. Uliza vitu vinavyojibika. Ulichoka wapi? Ulipotea wapi? Ulikuwa unamfuata nani? Ulijua mwisho ukiwa ukurasa wa ngapi?

Majibu yakija, usitetee. Najua ilivyo vigumu, mdomo unafunguka wenyewe: "Ah, hapo nilimaanisha..." Unachotaka kueleza, kiandike pembeni, kwa sababu hicho ndicho kinachokosekana kwenye karatasi. Hutakuwepo kumweleza kila mtazamaji. Kaa siku tatu bila kugusa skripti. Hasira ya siku ya kwanza ni ya kawaida, na siku ya nne utashangaa ni maoni mangapi uliyoyajua moyoni kabla hujaambiwa.

Wasomaji wawili wasiojuana wakigonga ukurasa mmoja, ukurasa huo una ugonjwa, hata kama dawa wanazopendekeza zinapingana. Mmoja atasema refusha, mwingine atasema futa. Waamini kuhusu mahali panapouma. Dawa uitafute mwenyewe, maana wewe ndiye unayeijua hadithi hii kuanzia siku ilipokujia.

Basi ile skripti iliyoko kwenye droo, itoe. Iandikie tarehe na namba ya rasimu kwenye jalada, isajili, na kabla ya Jumamosi mtumie mtu mmoja tu kurasa kumi za mwanzo.